Mbung'o Anakaa Wapi?

Je, umewahi kung'atwa na mbung'o? Kama unaishi Kasulu au Kibondo na umewahi kwenda porini kurina asali, huna haja ya kuelezwa. Anauma hata juu ya shati! Na anaweza kukuambukiza vimelea vya malale.

Basi, wataalamu humchora mbung'o kwenye ramani. Utajiuliza, inzi mdogo vile ataonekanaje kutoka angani? Haonekani. Kinachochorwa ni makao yake.

Mbung'o jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja kwa wakati, na buu huyo hujifukia kwenye udongo wenye kivuli. Jua likiwa kali na udongo ukakauka mno, buu anakufa. Kwa hiyo penye miti, unyevu na wanyama wa kumpa damu, ndipo penye mbung'o. Sasa, setelaiti hupima ukijani wa nchi: majani mabichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine tusioweza kuuona kwa macho. Mwaka 1991 David Rogers na Sarah Randolph wa Uingereza walionyesha kwamba vipimo hivyo vinakwenda sambamba na wingi wa mbung'o Afrika Magharibi.

Lakini angalia: shamba la migomba nalo ni kijani! Ramani inasema tu mahali mbung'o anapoweza kuishi. Kama yupo kweli, ni lazima mtu aende kwa miguu, atege mitego, ahesabu. Mitego hiyo ni ya kitambaa cha bluu na cheusi, na pembeni huwekwa mkojo wa ng'ombe (usicheke, harufu yake inamvuta kweli). Kama sweta lako la shule ni la bluu, usiende nalo kutafuta kuni porini.

Zamani hapakuwa na setelaiti. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka vijiji vyao na kuwakusanya pamoja, kwa sababu ya malale. Familia ziliacha mashamba yao. Siku hizi ramani nzuri husaidia kujua ni pori lipi hasa la kuwekewa mitego, bila kumhamisha mtu.

Jambo moja ramani haiwezi kukufanyia. Malale huanza kama malaria: homa, kichwa, viungo kuuma. Malale ya Tanzania huenda mbio, na bila dawa huua ndani ya miezi michache. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale hata kidogo. Ni lazima damu iangaliwe kwa hadubini. Muuguzi hawezi kujua ulikotoka usipomwambia. Kwa hiyo ukipata homa baada ya kutoka porini, sema hivi: "Nilikuwa pori fulani, niling'atwa na mbung'o, naomba nipimwe na malale."