Watoto Walioona Jeuri

Mtoto aliyepatwa na jeuri shuleni au njiani haonyeshi huzuni yake kama mtu mzima. Mara nyingi hucheza. Basi wazazi wamwonapo akicheza hunena, "Amekwisha kusahau." Neno hilo ni la haraka.

Katika mji wa Chowchilla, California, nchi ya Marekani, tarehe 15 Julai 1976, watu watatu wenye bunduki walilisimamisha gari la shule, wakawakamata watoto 26 na dereva wao. Wakawachukua gizani saa nyingi, kisha wakawatia ndani ya bodi la lori lililofukiwa chini ya ardhi. Baada ya saa 16 hivi dereva na wavulana wakubwa walijichimbia njia, nao wote wakatoka hai.

Daktari mmoja wa nafsi za watoto, Bibi Lenore Terr, aliwafuata watoto hao, akawarudia tena miaka minne na zaidi baadaye. Aliwakuta wakicheza mchezo wa kukamatwa, ule ule daima, pasipo furaha yo yote. Waliogopa giza na magari na wageni. Wengine waliota kwamba wanakufa, wala hawakutumaini kuishi siku nyingi. Tena wengi walitafuta katika siku zilizotangulia ishara ambayo, kama wangaliifahamu, ingaliwaokoa.

Hapo mwalimu wa dini awe macho sana. Mtoto huona ni afadhali kuwa na kosa kuliko kukaa katika ulimwengu usio na sababu. Kwa hiyo akisikia kwetu kwamba Mungu amemwadhibu, ataamini mara moja. Na tusome Yohana 9, tuone jinsi Bwana alivyowajibu wanafunzi walioulizia dhambi ya yule kipofu.

Mtoto asilazimishwe kusimulia, wala asinyamazishwe. Akijikojolea kitandani asipigwe. Hilo nalisema kwa sababu hupigwa. Saa za chakula, za shule na za kulala zisibadilike, na sala ya jioni katika Katekisimo Ndogo isomwe karibu naye, taa ikiwaka kama akitaka. Zaburi ya 13 yamfaa kuliko nyimbo za shangwe alizoamriwa kuimba.

Mwezi ukipita naye hali vema, halali, wala hataki kwenda shule, apelekwe kwa tabibu, na mzee wa kanisa asiseme kwamba nyumba ile imepungukiwa na imani.