Dondoo muhimu: Mtoto anapobana choo

Mtoto anayejificha nyuma ya mlango, amekaza miguu na kusimama kwa ncha za vidole, mara nyingi hasukumi haja kubwa, anaizuia. Huenda choo kigumu kiliwahi kumuumiza, sasa anaogopa. Anapobana, utumbo mpana huendelea kufyonza maji, choo kinakauka na kuuma zaidi. Kwa hiyo lainisha choo kwanza. Poti itasubiri.

• Akidai nepi ili ajisaidie, mvalishe bila kununa.

• Mkalishe kwenye poti dakika 5 hivi baada ya kula, wakati utumbo unapochangamka wenyewe. Miguu ikanyage sakafu au kigoda, magoti yapande juu kidogo ya nyonga. Apulize mapovu ya sabuni: kupuliza kunasaidia tumbo kusukuma.

• Mpe papai, maharage, mchicha, maji. Maziwa yasizidi, yanamshibisha akakataa chakula.

• Usimchape wala kumwaibisha mbele ya watu. Woga ndio unaombana.

• Kumwingizia kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kubwa, tafadhali acha. Kinachubua, na hofu inaongezeka.

• Choo chepesi kinachochafua chupi kinaweza kuwa kinavuja pembeni ya kigumu kilichokwama. Usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha.

• Tumbo likivimba, akitapika au ukiona damu, mpeleke kituo cha afya haraka. Akiandikiwa dawa ya kulainisha choo, usiikatishe mara tu anapopata nafuu. Wengine huihitaji kwa miezi.