Nagona imenishinda

Swali: Niliipenda sana riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika. Nikaagiza nyingine yake, Nagona, nimefika katikati sielewi kitu. Tatizo ni mimi?
Msomaji, Mlimba

Jibu: Si wewe, ndugu msomaji. Rosa Mistika (1971) inasimulia maisha ya msichana wa Ukerewe hatua kwa hatua. Nagona (1990) imeiacha njia hiyo makusudi. Humo ndoto, visasili na falsafa vinaingiliana, na anayetafuta kisa kilichonyooka hakipati. Mimi naiona kazi kubwa, lakini si ya kuisoma mara tu baada ya Rosa. Iweke kando, usome kwanza Kichwamaji (1974) ya mwandishi huyohuyo: inauliza maana ya maisha ndani ya hadithi inayofuatika. Kisha irudie Nagona polepole. Ikikuchosha tena, iache bila aibu.