Asubuhi Msituni, Alasiri Maktabani: Somo la Siku Moja kwa Mzazi na Mtoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje ya kituo cha msitu cha Gede kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi, watoto watatu walikuwa wamekaa juu ya gogo wakila mahamri. Mkubwa ana miaka 11, wa kati 8, na kitinda mimba 5. Kila mmoja alikuwa na daftari dogo na penseli iliyofungwa kwa uzi ili isipotee. Wazazi wao huwafundisha nyumbani, na siku moja kila juma darasa lao huwa ni hili: asubuhi msituni, alasiri maktabani. Jarida hili liliomba kufuatana nao kutoka asubuhi hadi jioni, tuone ni yapi ambayo mzazi yeyote wa Kilifi anaweza kuyaiga.

Kwanza neno la kisheria, kwa sababu najua simu zitapigwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Makala haya hayamshauri mtu kumtoa mtoto shuleni. Mzazi anayefikiria kufundisha nyumbani azungumze kwanza na ofisi ya elimu iliyo karibu naye. Somo lenyewe linafaa Jumamosi yoyote na likizo zote tatu za mwaka, wakati ambapo watoto wengi hushinda mbele ya simu.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba. Ndicho kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Wengi wetu huupita ndani ya matatu tukiwa tumesinzia. Mimi mwenyewe nimelelewa katika kaunti hii, na nilimaliza chuo kikuu kabla sijajua kwamba humo anaishi sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Twiga na simba niliwajua tangu darasa la kwanza, kutoka kwenye picha za vitabu. Huyu jirani hakuna aliyenitajia.

Ndani ya msitu sheria ya baba wa watoto ilikuwa fupi: mwongozaji mbele, mzazi nyuma, watoto kati, na hakuna kuchuma wala kuokota. Mwongozaji si anasa. Arabuko-Sokoke ina ndovu, na mtu asiyejua kusoma kinyesi kibichi na matawi yaliyovunjika asiingie na watoto peke yake. Viatu viwe vya kufunika mguu, maji yabebwe ya kutosha, na mkate uliwe nje kabla ya kuingia ili kima wasije wakafanya ukaguzi wa mikoba.

Tulitembea polepole sana. Mtoto wa miaka 5 husimama kwa kila chungu. Kwa nusu saa tulikuwa tumekwenda pengine mita mia tano, na nilianza kutazama saa. Kisha mama akawaketisha watoto chini ya mrihi mkubwa na kuwaambia wanyamaze kwa dakika kumi. Katika daftari walikuwa na safu tatu: nimeona, nimesikia, najiuliza. Hakuna kuandika mpaka dakika ziishe.

Dakika mbili za kwanza zilikuwa za kujikuna. Baadaye msitu ukarudi kwenye shughuli zake. Hondohondo walipita juu wakipiga kelele kama watoto wachanga. Halafu, upande wa kushoto, tukasikia kitu kikipiga majani makavu: tap, tap, tap, haraka haraka, kisha kimya. Mwongozaji akainua kidole. Alipoturuhusu kusema, alituambia huyo alikuwa sange. Akishtuka hupiga mkia wake kwenye majani, kama anayemwambia adui, "Nimekuona, usijisumbue."

Hatukumwona. Kitinda mimba alilia kwa hilo, na hakuna aliyemkemea. Mwongozaji alimpeleka hatua chache kando akamwonyesha chungu ya majani ambayo sisi sote tulikuwa tumeipita bila kuitambua. Kilikuwa kiota cha zamani. Sange huchimba kishimo kifupi ardhini, akakitandika majani na kukifunika kwa majani mengine, hata kikafanana na takataka za msitu. Huwa na viota kadhaa na hubadilisha mahali pa kulala. Dume na jike hushirikiana eneo moja la takriban ekari nne, lakini kila mmoja hulala kwake. "Wamegombana?" akauliza wa kati. Mwongozaji alicheka, akasema swali hilo liandikwe kwenye safu ya tatu.

Hapo ndipo penye ufundi wa wazazi hawa, na ndipo wengi wetu hukosea. Mtoto akiuliza, sisi hukimbilia kujibu, tena mara nyingi kwa kubahatisha. Wao hawakujibu swali hata moja msituni. Kila swali liliandikwa na kubebwa hadi maktabani. Mama aliniambia kuwa swali lililobebwa saa tatu huwa limeiva.

Tukiwa njiani kurudi, mwongozaji aliinama kwenye ujia mwembamba akang'oa kitanzi cha waya. Mtego. Mtoto mkubwa aliuliza nani aliutega. Kwa mara ya kwanza baba alijibu papo hapo: "Mtu mwenye njaa. Pengine tunasali naye." Waya ule ulikunjwa ukatiwa mfukoni mwa mwongozaji na hakuna aliyezungumza mpaka barabarani.

Saa nane alasiri tulikuwa katika maktaba ya umma, na hawe wao, yaani bibi, akawa ametangulia. Nilimpa shikamoo, akaniitikia na kuniuliza kama nimekula kabla ya kuniuliza kazi yangu.

Watoto walianza kwa kutafuta. Katika rafu ya watoto walipata vitabu kuhusu dubu wa barafuni, kuhusu kangaruu, na vitatu kuhusu simba. Kuhusu sange hapakuwa na kitu. Mkutubi aliwapeleka upande wa watu wazima, wakapata kitabu kikubwa cha mamalia wa Afrika, kwa Kiingereza, na mkubwa akawafasiria wadogo zake mstari kwa mstari. Hivyo ndivyo walivyojua kwamba sange hula wadudu, buibui na minyoo. Kwamba hutembea mchana na kulala usiku. Na kwamba ngozi iliyo chini ya ile rangi ya dhahabu ni nene kuliko ya mgongoni, nene zaidi kwa madume. Inadhaniwa kuwa kinga dhidi ya meno ya madume wenzao wanapofukuzana mpakani. Swali la wa kati likapata jibu lake: sange hawa hawajagombana, ndivyo walivyo. Wanalinda eneo pamoja na kulala mbalimbali.

Kijana huyo alinung'unika kwamba kumbe kila kitu kimeshaandikwa, hakuna kipya cha kugundua. Mama yake akamsimulia habari za mnana wa Clarke, ndege mdogo wa jamii ya wafumaji wa viota, asiyepatikana popote duniani isipokuwa kaunti hii. Kwa miongo mingi wataalamu walimwona Arabuko-Sokoke wasijue anazalia wapi. Viota vyake vilikuja kupatikana mwaka 2013, katika ardhi oevu ya msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa Mto Sabaki. "Mwaka huo mimi nilikuwa mtu mzima tayari," alisema mama, na kijana akanyamaza kidogo.

Kisha zamu ya hadithi. Mkutubi alikuwa ameombwa mapema, akawapa kona ya watoto ambako kelele haziwasumbui wasomaji. Jambo hili litimize kabla hujafika, maana maktaba nyingine hazina nafasi hiyo na mtunza rafu asilaumiwe kwa kuwatoa nje.

Wa kati alianza: "Paukwa!" Tukaitikia: "Pakawa!" Akaendelea: tulienda msituni, halafu tukaona mti, halafu tukasikia sange, halafu tukapata mtego, halafu tukarudi. Akaketi. Hawe alimtazama akauliza, "Mjukuu wangu, hapo nani alitaka nini?"

Mtoto hakuelewa. Hawe akaeleza kwa subira kwamba alichosema ni habari, na habari ni nzuri, lakini ngano haiondoki mahali mpaka mtu ndani yake atake kitu na kitu kingine kimzuie. Sungura anataka maji, wenye kisima hawamtaki. Basi sange wako anataka nini?

Walifikiri, wakabishana, wakaanza upya. Safari hii sange alitaka kwenda kumsalimu mkewe upande wa pili wa eneo lao kabla jua halijatua, na katikati ya njia kulikuwa na mdomo wa waya usiofumba. Kitinda mimba alitaka mwenye mtego aliwe na ndovu. Hawe alikataa. Alisema mwenye mtego pia awe na jina na watoto, na naye aulizwe anataka nini. Mabishano hayo yalichukua karibu nusu saa, na kwa maoni yangu yalikuwa somo zito kuliko yote ya siku ile. Mkubwa ndiye aliyekumbuka mradi wa Kipepeo pale Gede, ambao tangu 1993 umekuwa ukinunua mabundo (pupa) ya vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuyauza nje ya nchi. Katika ngano yao, mwenye mtego akaanza kufuga vipepeo. Je, vitamlisha? Hawe aliuliza hivyo, na watoto wakaacha sehemu hiyo wazi.

Ni baada ya kusimulia mara tatu ndipo walipoandika. Mdomo kwanza, penseli baadaye: mtoto anayehofia tahajia huandika sentensi tatu, lakini aliyekwisha kusimulia huwa na mengi kuliko karatasi. Mkubwa aliandika kwa Kiswahili, wa kati akachanganya na Kigiriama, na mdogo akachora. Hawe, ambaye hasomi, alisomewa kila ukurasa akasahihisha.

Anayeishi mbali na Gede asikate tamaa. Mikoko ya Mida inafaa, na hata mwembe wa uani ukikaliwa kimya dakika kumi una mambo. Misitu ya kaya ni mahali patakatifu. Huingii bila ruhusa ya wazee, na kuwaomba ruhusa ni sehemu ya somo. Kwa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede, ulizia ada na mwongozaji langoni kabla ya kufunga safari.

Kuhusu rafu isiyo na sange: Jedwali la Nne la Katiba linaweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Vitabu vya watoto kwa Kiswahili na kwa lugha zetu ni jambo halali la kuleta katika vikao vya umma kuhusu bajeti, sawa na barabara na maji. Andika ombi lako, taja maktaba unayotumia, na ulete.

Daftari la kitinda mimba lilibaki na swali moja lisilojibiwa, aliloandikiwa na dada yake: bundi wa Sokoke hulala wapi mchana? Wanarudi juma lijalo.