Bwana Dernburg na Reli ya Kati

Wasomaji wenzangu, mtu akitoka hapa Rungwa kwenda Itigi hukutana na reli ya kati. Miongoni mwa walioipigania yumo Bwana Bernhard Dernburg, ambaye wengi wetu hatumjui. Yafaa tumjue.

Alizaliwa mwaka 1865 mjini Darmstadt, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti na mbunge wa chama cha waliberali, yaani watu waliotaka uhuru wa biashara na utawala wa sheria. Mwana alijifunza kazi ya benki hata akawa mkurugenzi. Mwaka 1906 aliitwa kusimamia makoloni, na mwaka 1907 akawa mkuu wa kwanza wa Wizara ya Makoloni.

Wakati huo Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, vilikuwa vinamalizika. Waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala, hukisiwa kuwa 75,000, na wengine husema hata 300,000. Mwaka 1907 Dernburg alikuja mwenyewe kuitazama nchi. Aliona Wazungu wanatembea na viboko mkononi. Aliweka masharti ya kupunguza adhabu hiyo, akamuunga mkono Gavana Rechenberg, aliyetaka wenyeji walime mazao yao ya kuuza. Walowezi walichukizwa sana. Mwaka 1908 Bunge la Ujerumani lilikubali reli iliyokwisha kufika Morogoro iendelezwe. Ilifika Tabora 1912, na Kigoma 1914.

Je, alikuwa rafiki wa wenyeji? Mimi nasema sivyo. Alihesabu kama mtu wa benki: aliyekufa halimi, wala halipi kodi. Viboko havikufutwa, na hakuna mwenyeji aliyeulizwa shauri juu ya nchi yake. Mfugaji naye humtunza ng'ombe wake, lakini hamwulizi njia ya kwenda malishoni. Uhuru waliousifu waliberali kwao haukuvuka bahari.

Alijiuzulu mwaka 1910. Mwaka 1919 alikuwa Waziri wa Fedha kwa miezi michache, akaacha kazi kwa kuukataa Mkataba wa Versailles, ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake, pamoja na nchi yetu. Alikuwa mbunge hadi 1930, akafa Berlin mwaka 1937.

Basi, tusomapo habari za watawala, tusitazame tu walichojenga. Tutazame pia kama wenye nchi waliulizwa.