Usingizi wa Mama Mjamzito

Somo hili ni la akina mama, lakini twawaomba akina baba wasilipite. Sehemu kubwa ya dawa yake iko mikononi mwao.

Mama mwenye mimba ya miezi saba akisema kwamba halali, mara nyingi hujibiwa, "Ndivyo mimba zilivyo, vumilia." Wako hata wanaomwambia kwamba angekuwa na imani angelala. Maneno hayo hayafai. Kukosa usingizi huku kuna sababu zake mwilini, na nyingi zaweza kupunguzwa. Tena ziko chache za hatari, ambazo mama aliyezoeshwa kuvumilia aweza kuzinyamazia mpaka mambo yakaharibika.

Miezi ya kwanza mama husinzia mchana na kuamka usiku kwenda haja ndogo. Miezi ya katikati huwa na nafuu. Kuanzia mwezi wa saba taabu hurudi: mji wa mimba unakandamiza kibofu, kiungulia kinapanda, mgongo unauma, na mguu waweza kukaza ghafla usiku wa manane. Liko na jambo ambalo wengi hawalijui. Mama akisimama kutwa, maji hujikusanya miguuni. Akijilaza, maji yale hurudi katika damu, na figo huyatoa kuwa mkojo. Basi aliyesimama jikoni mpaka saa tatu usiku huenda akaamka mara nyingi kuliko yule aliyepata kuketi jioni na kuinua miguu juu ya kigoda.

Ndiyo maana twasema usingizi wa mjamzito huanzia jioni. Tuangalie nyumba zetu. Mama ametoka shambani, bado achote maji, awashe moto, asonge ugali, aogeshe watoto. Chakula kinaiva saa tatu. Yeye hula mwisho, kwa haraka, kisha hujitupa kitandani na tumbo limejaa. Kiungulia kitakosaje kumwamsha? Chakula kingeiva saa kumi na mbili na nusu, akala kidogo, akakaa saa mbili au tatu kabla ya kulala, angepata nafuu. Lakini hawezi kuyafanya hayo peke yake. Mume aweza kuchota maji. Wifi aweza kuosha vyombo. Na mavyaa, ambaye neno lake lina nguvu nyumbani, aweza kusema, "Mwanangu, kapumzike, hayo yaache." Wako wanaume wanaoona haya kuonekana na ndoo. Sisi hatuoni haya hiyo inatoka wapi.

Chai ya rangi na kahawa huondoa usingizi. Yafaa mama aziache tangu alasiri. Chai huzuia pia mwili kupokea vidonge vya kuongeza damu, kwa hiyo vimezwe kwa maji, mbali na saa ya chai. Ikiwa jioni miguu yake haitulii, anatamani kuitikisa tu, amweleze mkunga, maana yaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Ndivyo ilivyo pia kwa hamu ya kula udongo.

Kuanzia wiki ya 28 alale kwa ubavu, wowote kati ya miwili. Akilala chali mji wa mimba hulemea mishipa mikubwa ya damu, na uchunguzi umeonyesha kwamba hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Akizinduka akajikuta chali asiogope, ageuke tu. Kanga iliyokunjwa katikati ya magoti hupumzisha kiuno. Mguu ukikaza, aunyoshe na kuvuta vidole kuelekea goti. Chandarua asikitupe kwa sababu ya joto, kwa kuwa malaria ya mjamzito yaweza kumwua yeye na mtoto. Asinunue vidonge vya usingizi dukani, maana viko vinavyomfanya mtoto azaliwe mlegevu na kupumua kwa shida. Pombe "kidogo ili alale" nayo humdhuru mtoto. Na penye mkesha kanisani, asione vibaya kurudi nyumbani mapema.

Wengine huamshwa na mawazo: uchungu utaanza lini, fedha ziko wapi. Kumwambia "usiogope" hakusaidii. Mume na mke waketi mchana, wapange nani atabaki na watoto na akiba iwe kiasi gani. Ikiwa mama ana huzuni wiki mbili mfululizo, na halali hata akipata nafasi, huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, apelekwe kliniki.

Yako mambo yasiyongoja asubuhi: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu, homa, kutoka damu au maji, au mtoto kupunguza kucheza. Kuwashwa viganja na nyayo usiku pasipo upele kwaweza kutokana na ini; aende kliniki kesho yake, apimwe damu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Kwetu chakula cha jioni huiva saa ngapi, na nani angeweza kukiwahisha? Mama akiumwa saa nane usiku, tutampeleka kwa gari la nani?