Mnara wa Scott: Usanifu wa Jengo Kama Matini

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno 'usanifu' hutumika kuhusu jengo na hutumika pia kuhusu lugha iliyotungwa kwa ustadi. Makala haya yanauzingatia uhusiano huo katika kuusoma Mnara wa Scott ulioko jijini Edinburgh, Uskoti. Mnara huo ulijengwa kati ya 1840 na 1844 kumkumbuka Walter Scott, mwandishi wa riwaya aliyefariki mwaka wa 1832. Una kimo cha takribani mita 61, na mwenye kutaka kufika juu hupanda vidato 287. Swali la msingi ni hili: je, umbo la Kigothi linamfaa mwandishi huyo?

Muundo na wahusika

Miguu minne ya mnara imeunganishwa kwa matao yaliyochongoka. Kwa kuwa tao lenye kubeba uzito husukuma nje, vinara vya pembeni vimeunganishwa na mnara wa kati kwa matao ya mwegamo yanayoupokea msukumo huo. Hivyo, kinachoonekana kuwa pambo kina kazi. Katika vidaka vya kuta mna sanamu zaidi ya 60 za wahusika wa Scott. Chini ya matao ameketi mwandishi mwenyewe, kazi ya John Steell ya marumaru nyeupe, na mbwa wake Maida ubavuni. Jiwe la mnara ni la mchanga, nalo limesawijika kwa moshi wa jiji. Weupe wa sanamu dhidi ya weusi huo hulivuta jicho hadi kwa mtunzi.

Fundi na jina lake

Aliyeubuni mnara ni George Meikle Kemp, seremala aliyejifundisha usanifu kwa kuyachunguza majengo ya kale. Katika shindano la 1836 alijificha nyuma ya jina la John Morvo, mwashi wa enzi za kati anayehusishwa na Abasia ya Melrose. Mchoro wake uliteuliwa mwaka wa 1838. Hata hivyo, Kemp alikufa maji katika mfereji mwezi Machi 1844, kabla ya kazi kukamilika. Mnara ulizinduliwa mwaka wa 1846.

Mjadala

Charles Dickens hakuupenda: aliufananisha na kilele cha kanisa kilichong'olewa na kuchomekwa ardhini. Hoja hiyo ina uzito, kwani kilele cha Kigothi kwa kawaida huwa sehemu ya jengo kubwa zaidi. Hata hivyo, inasahau kilichomo chini ya matao. Ikumbukwe kuwa Scott, katika riwaya kama *Ivanhoe* (1819), aliwarejesha wasomaji wake katika enzi za kati. Kemp naye alirejesha umbo la enzi hizo na kuwapa wahusika nafasi ambayo kanisani hupewa watakatifu. Kanisa halipo kwa sababu kinachoadhimishwa ni fasihi.

Hitimisho

Imebainika kuwa fani ya mnara huu imeafikiana na maudhui yake. Mwanafunzi wa fasihi ana funzo hapa: pambo huhukumiwa kwa kazi linayoifanya katika kazi nzima, liwe la jiwe au la neno. Aidha, sanamu iliyo chini ya matao ni ya Scott, lakini kila tao ni kumbukumbu ya seremala aliyeingia shindanoni kwa jina la mtu mwingine.